Ukihamia Tanga, kwanza uliza nani anakaa nyuma

Uhamisho wangu ulitoka mwezi wa saba, nikafika Tanga na masanduku mawili na godoro, nikapanga Chumbageni. Shuleni nilipata wenzangu upesi, mwalimu hakosi wa kusahihisha naye madaftari. Mtaani sikuwa na mtu hata wa kumwomba chumvi. Jumamosi ya pili, alfajiri, nikasikia filimbi na watu wanaitikiana. Nikajifunga kitenge nikatoka barazani: fulana za kijani, watu kama arobaini, wanawake kwa wanaume, wanapita na mchakamchaka. Nikajiambia wiki ijayo siwaangalii tena kutoka barazani.

Nakuandikia wewe uliyehamia mji mgeni na unaona haya kwenda kukimbia na watu usiowajua.

Kuwapata si kazi. Nenda kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na kwako, uliza. Madereva ndio wanaosimamishwa na zile filimbi barabarani, kwa hiyo wanajua kila kikundi cha jogingi kinapita wapi na siku gani. Wengine hukimbia Jumamosi, wengine Jumapili, na Jumamosi ya pili ya mwezi mara nyingi watu huwa wengi zaidi, kwa sababu tangu Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais ndiyo iliyotangazwa kuwa siku ya mazoezi nchi nzima. Ukishajua siku, uliza jambo moja zaidi: hiyo saa ni ya kukutana au ya kuondoka? Mimi niliambiwa saa kumi na mbili. Nikafika Bustani ya Jamhuri saa kumi na mbili kamili, nikamkuta mama muuza uji peke yake, na nyimbo zinasikika mbali upande wa Bombo. Nilirudi nyumbani nimenywa uji, sikukimbia. Fika robo saa kabla.

Kukimbia ni bure. Usije ukabaki kitandani kwa kuwaza kiingilio. Michango ipo, lakini ni ya wanachama: fulana, kuzikana, harusi, kumwona mgonjwa. Hayo yasikushughulishe wiki ya kwanza. Bahasha ya rambirambi ikipita mbele yako nawe una buku, tia. Huna, hakuna atakayekutazama vibaya.

Mavazi ni mepesi kuyapanga. Raba zilizokwisha kuuzoea mguu wako, hata za mtumba, ni bora kuliko mpya za jana. Dada zangu, traki na fulana ndefu vinatosha, na mtandio ubanwe vizuri, maana wa kushikashika utakuchosha kuliko mbio. Funguo ifunge kwenye kamba ya kiatu, na noti ya bodaboda uiweke mfukoni endapo mguu utakataa. Kunywa maji kabla ya kutoka. Hewa ya Tanga ina unyevu wa bahari, na mtu aliyezoea baridi ya bara, kama mimi niliyetoka Iringa, analowa jasho kabla hajafika popote.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka ulishike. Ukifika, salimia, wakubwa wape shikamoo, sema jina lako na unakokaa, sema ni mara yako ya kwanza. Kisha, kabla hujauliza umbali wala mwendo, uliza: nani anakaa nyuma leo?

Niliulizia hilo kwa sababu ya yaliyonikuta mji mwingine, miaka ya nyuma. Kikundi kilikuwa na vijana wa mbio kali, nikaachwa kwenye kona ya tatu, giza bado, sijui kulia wala kushoto. Nilikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa mpaka kukapambazuka, nikalia. Baada ya pale nilikaa miaka miwili bila kukimbia na watu. Mwendo wangu haukuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kunisubiri.

Mdogo wangu anaishi Uingereza, na nilipomsimulia hayo akanieleza kuhusu parkrun, mbio zao za bure za kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi. Zilianzishwa na Paul Sinton-Hewitt mwaka 2004 ndani ya Bushy Park, London, na siku ile walikimbia watu 13 tu. Leo ziko nchi nyingi, hata Afrika Kusini na Namibia. Anasema wageni huitwa pembeni kabla ya kuanza, wakaelezwa njia. Na kila wiki kuna mtu anayejitolea kumaliza wa mwisho, kazi yake ni hiyo tu, ili mkimbiaji mwingine yeyote asiwe wa mwisho. Nilipenda sana jambo hilo. Ndiyo maana Tanga nilipouliza nani anakaa nyuma, nilikuwa nimeshaamua: wakinicheka, narudi nyumbani.

Hawakucheka. Walinionyesha mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, kofia nyeupe, filimbi shingoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo wewe uko na mimi. Hatuna haraka."

Tukaenda. Njia ile hata kama hukimbii ningekwambia uitembee: unaondoka bustanini, bahari iko kushoto kwako na kisiwa cha Toten kinaonekana ng'ambo ya maji, unapita hospitali ya Bombo, unafika Raskazone jua linakuja usoni. Mzee alikuwa akinionyesha huku tunakwenda: hapa pana kisima, hapa lami imekatika, kule nyumba ya fundi cherehani mzuri. Nilipofika Raskazone nilikuwa na fundi cherehani. Siku wanayoingia Ngamiani ni rahisi zaidi kwa mgeni, kwani barabara za kule zina namba. Ukiachwa nyuma, uliza tu hii ni ya ngapi, utajua umebakiza ngapi.

Kuhusu mwendo, usiangalie saa. Anayeongoza akiita "mchakamchaka", mnajibu "chinja". Ukiweza kuitikia kwa sauti, mwendo ni wako. Ukiona unafungua mdomo na sauti haitoki, punguza, tembea hata, mpaka sauti irudi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Kwa hiyo aliyetembea nusu ya njia hajadanganya mtu. Ila kama una presha au kifua, mwambie wa nyuma kabla ya kuanza. Usimwambie mkishafika katikati ya barabara.

Kama unatoka kwenye kikundi chako cha zamani, vaa fulana yake, na useme, "Nimekuja na salamu kutoka kwa wenzangu." Vikundi vya jogingi vinapenda kualikana, na salamu hiyo inafungua mlango kuliko maelezo marefu.

Mkirudi, mtanyoosha viungo, kisha watu watakaa chini. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea: jasho likikauka wanaaga. Watu wa Tanga wanausifu mji wao kwa maneno waja leo waondoka leo, lakini wewe hukuja kuondoka, umehamia. Kaa usikilize matangazo. Ndipo utakapojua nani amejifungua, nani amelazwa, nani anatafuta mpangaji, na njia ya wiki ijayo ni ipi. Utaitwa usimame ujitambulishe. Maneno matatu yanatosha. Baada ya hapo ni mahamri na mbaazi za nazi, na atakayekuwa karibu yako sahanini ndiye jirani yako wa kwanza. Wangu alikuwa mama wa mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Chumvi nilimwomba Jumatatu yake.

Mwezi wa tatu yule mzee alisumbuliwa na goti, akanivulia filimbi yake. Ukija Jumamosi Bustani ya Jamhuri, uliza nani anakaa nyuma. Watakuonyesha mimi, nitakuwa karibu na mama wa uji.