Ukikata bima ya bajaji kwa simu, iwe simu yako

Nina bajaji mbili hapa Morogoro. Moja inapaki Msamvu, nyingine Kihonda, na vijana wananiletea hesabu kila jioni. Bima nilikuwa naichukulia kama oili: dereva anajua pa kuipata, mimi natoa hela tu. Mpaka siku kijana wa Msamvu alipoigonga Noah ya watu kwa nyuma. Nikafika pale kifua mbele, nikafungua PDF niliyotumiwa WhatsApp: nembo ipo, namba ya stika ipo, mhuri upo. Mwenye Noah, baba mtu mzima tena mpole, akachukua simu yake, akaandika namba ya bajaji yangu, akasubiri, kisha akanigeuzia kioo. Hakuna kitu. "Mama, umepigwa," akaniambia. Taa, bampa na rangi vikanitoka laki sita na arobaini.

Aliyetuuzia bima hiyo alikuwa kishoka wa kijiweni, yaani tapeli anayejifanya wakala. Simu yake haijapatikana mpaka leo. Tangu hapo nakata bima mwenyewe, nimekaa barazani kwangu, na nafanya hivi.

Kabla ya kugusa simu natoa kadi ya usajili wa chombo. Namba ya usajili watu hawaikosei, wanakosea namba ya chesesi. Bajaji za Kihindi zina chesesi ya tarakimu na herufi 17, na kwa kawaida humo hamna herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kiduara, hiyo ni sifuri. Gari lililotoka Japani, kama Noah ile, lina chesesi fupi yenye kistari katikati, usihangaike kutafuta 17. Mimi naenda na tochi hadi kwenye chombo chenyewe, nasoma kilichogongwa kwenye bodi, nalinganisha na kadi. Ukikosea herufi moja, bima inakuwa ya bajaji isiyokuwepo duniani.

Halafu matumizi. Utaulizwa chombo ni cha binafsi au cha biashara. Binafsi ni rahisi, na wengi wanajaza hapo ili kuokoa vijisenti. Bajaji yenye namba nyeupe inayobeba abiria ukiikatia kama ya binafsi, umeipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Andika biashara, andika na idadi ya abiria ilivyo.

Aina ya bima nitaipitia haraka. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo inayolazimishwa na sheria. Inamlipa uliyemgonga, wewe na chombo chako hamumo, hata kikiibiwa. Bima kubwa inakuingiza na wewe, lakini inapigwa kwa asilimia ya thamani ya chombo. Gari dogo la binafsi kwa miaka mingi bima ndogo ilikuwa shilingi 118,000, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18. Chombo cha abiria kina hesabu yake, na mtu akikutajia bei ya chini sana kuliko kampuni zote, jiulize hiyo punguzo anaitoa mfukoni kwa nani.

Pa kukatia pako pengi sasa. Kampuni nyingi zina tovuti au programu ya simu, Shirika la Bima la Taifa, NIC, wana ya kwao inaitwa NIC Kiganjani, na benki na mitandao ya simu nao wanauza bima. Hata wakala mwenye leseni yuko sawa, mimi sina ugomvi na mawakala. Ila hapa ndipo naomba unisikilize vizuri: kwenye kisanduku cha namba ya simu, weka namba yako. Kishoka anaweka ya kwake, na hata wakala mwema anaweza kuweka ya kwake kwa sababu ana haraka. Ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwake, kumbusho la kuisha linakwenda kwake, na siku ya ajali kampuni inampigia yeye. Jina nalo liwe la mwenye kadi, si la dereva. Dereva leo yupo kwako, mwezi ujao yuko Ifakara.

Unapolipa, usikimbilie kuweka namba ya siri. Simu inakuletea kwanza jina la anayelipwa. Likija jina la kampuni, endelea. Likija jina la mtu, rudi nyuma, hata akikuapia kwamba yeye ndiye "mhasibu wa ofisi".

Sasa kazi ya dakika mbili ambayo ingeniokolea laki sita zangu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo unaoitwa TIRA MIS. Fungua tiramis.tira.go.tz, weka namba ya usajili wa chombo au namba ya stika, utaona kampuni, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na kama bima iko hai. Soma kila mstari. Usitosheke na kuona jina la kampuni. Bajaji yangu ya Kihonda iliwahi kuja na tarehe ya kuanza ya wiki iliyofuata, na kijana alikuwa tayari barabarani. Isipoonekana kabisa, pigia kampuni yenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, na chombo kilale ndani.

Na usijidanganye kwamba utakata baada ya kugonga. Mfumo unaandika bima imetolewa lini, na polisi nao wanaandika ajali ilitokea lini.

Ajali ikitokea, simu hiyo hiyo ndiyo shahidi. Piga picha vyombo kabla havijasogezwa, namba zote mbili zionekane, kisha polisi, kisha kampuni siku hiyo hiyo. Ripoti ya polisi utaitafuta kwa miguu, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama kuna majeruhi; hapo bado simu haijatufikisha. Kampuni ikikuzungusha kulipa, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Kupeleka lalamiko huko ni bure.

Wiki iliyopita kijana wa Kihonda alinipigia: "Mama, bima inaisha Ijumaa, kuna jamaa hapa kijiweni ana bei nzuri." Nikamwambia anitumie picha ya chesesi, na huyo jamaa anisalimie.