Kuipata kusini kwa nyota ukiwa Mbeya

Katikati ya Juni ndio wakati wake: mvua zimekatika na anga ni jeupe. Subiri saa 2 usiku, vaa koti zito (baridi ya Uyole haina mzaha), zima taa ya uani. Simu iache ndani. Ukiitazama, macho yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza upya.

Geukia upande wa Tukuyu. Nyota nne zilizokaa kama kishada cha kurusha ndizo Msalaba wa Kusini. Hakikisha kushoto kwake kuna nyota mbili kali, maana kulia upo msalaba wa bandia, mkubwa ila hafifu, na unawadanganya wengi.

Sasa chukua urefu wa msalaba, kutoka nyota ya juu hadi ya chini, uuteremshe mara nne na nusu. Utaishia kimo cha ngumi moja juu ya upeo, mkono ukiwa umenyooshwa. Chini yake ndiko kusini. Pako chini hivyo kwa sababu Mbeya iko karibu nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta. Mlima ukiziba, kisia.

Kati ya zile mbili kali, iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alfa Sentauri. Mwanga wake husafiri miaka 4 na ushei kutufikia. Mtoto wa chekechea anaona mwanga ulioondoka yeye akiwa mchanga.