Kazi ya likizo isiyonakilika: mwongozo kwa walimu wa Mtwara na Lindi

Maswali hamsini yaliyonakiliwa ubaoni siku ya kufunga shule yanajulikana yanakoishia: usiku wa kuamkia kufungua, daftari la mwanafunzi mmoja linazunguka kijiji kizima. Dawa si kuongeza maswali. Mpe mtoto kazi ambayo jibu lake liko kwao tu, kwenye mkorosho wa babu yake au ufukweni pao, akose pa kunakilia.

Kabla ya kupanga, tazama kalenda ya kijiji. Likizo ya Juni inakuta ufuta unavunwa na mikorosho inapuliziwa salfa. Ya Desemba inakuta korosho za mwishomwisho zinaokotwa na mashamba yanaandaliwa kwa mvua. Likizo hizohizo ndizo za jando na unyago, na mtoto aliye jandoni hashiki daftari. Basi kazi iwe ya siku saba hadi kumi, mwanafunzi achague mwenyewe aanze lini, na isimle zaidi ya dakika 40 kwa siku. Iwe kazi moja kwa darasa zima. Walimu wa masomo sita wakitoa kila mmoja ya kwake, hakuna itakayofanywa vizuri, kwa hiyo mwalimu wa taaluma awakalishe pamoja wapange moja yenye hesabu, sayansi na uandishi ndani yake.

Desemba: korosho ngapi kwenye kilo?

Hii inafaa darasa la tano hadi kidato cha pili, na wazazi huifurahia kwa sababu inagusa mfuko wao. Idadi ya korosho kwenye kilo inaonyesha ukubwa wake: zikiwa chache, ni kubwa. Korosho nzuri kwa kawaida huhesabika kama 180 hadi 200 kwa kilo.

Korosho zianikwe juani siku mbili au tatu, mpaka ukizitikisa usikie kokwa ikigonga ndani. Mwanafunzi achanganye rundo lote, kisha achote kwa kopo kutoka juu, katikati na chini. Apime kilo moja kwenye mizani ya duka, ahesabu kwa mafungu ya kumi, aandike. Azirudishe kwenye rundo, achanganye tena, arudie mpaka apate vipimo vitatu. Tuseme amepata 196, 188 na 204: jumla 588, wastani 196. Gramu 1,000 akigawanya kwa 196 anapata kama gramu 5.1 kwa korosho moja.

Kosa kubwa ni mkono kupenda korosho kubwa. Mtoto akiokota moja moja badala ya kuchota, idadi inashuka na anaona ameshinda. Mwambie wazi kwamba anatafuta ukweli wa rundo, hashindani. Kosa la pili ni korosho mbichi: maji yaliyomo yanaongeza uzito, zinaonekana chache kwa kilo kuliko zilivyo. La tatu ni kupima pamoja na kopo.

Pasipo na mizani, fimbo ya mita moja ifungwe kamba katikati na kuning'inizwa, kila ncha ifungwe kikapu, vikapu viwe sawa. Ijaribiwe ikiwa tupu kwanza, ilale sawasawa. Kisha pakiti ya sukari ya kilo moja upande mmoja, korosho upande wa pili.

Marufuku kubangua. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, na mtoto mwenye bidii ndiye atakayejaribu.

Juni: maji kujaa na kupwa

Kwa shule za pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani. Mwanafunzi achague nguzo au mwamba usiosogea, kwenye usawa wa katikati kati ya maji kujaa na kupwa. Wengi huchagua alama ya juu kabisa, na ikija wiki ya maji mafu, yaani ya kujaa kidogo, maji hayaifikii hata siku moja. Aanze siku ambayo maji yanaifikia asubuhi, ili siku saba zote ziangukie mchana. Kila siku aandike saa na dakika maji yalipogusa alama yakiwa yanajaa, pamoja na umbo la mwezi jana usiku.

Kwa wastani maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, lakini si kwa kipimo kimoja: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huweza kuwa 40 tu, za maji mafu huweza kupita saa nzima. Waende wawili wawili, wasimame nchi kavu.

Shule za Newala na Tandahimba, juu kule, zipime maji ya nyumbani: ndoo ngapi za lita 20 kwa siku, kwa kazi gani, kwa shilingi ngapi.

Kwa wanaopenda historia, mzee wa miaka 75 ana mengi aliyoyaona kwa macho yake: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, au reli ya Mtwara hadi Nachingwea kabla haijang'olewa. Majimaji ya 1905 hadi 1907 na mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kuanzia 1909 hakuiona, kwa hiyo hapo swali la lazima ni "nani alikusimulia?" Maswali matano yanatosha. Ya jandoni na unyagoni yasiulizwe.

Kusahihisha

Wiki ya kwanza, bila kuahirisha. Kazi isiyosahihishwa ni ya mwisho kufanywa. Kwa alama 20: vipimo 8, hesabu 4, maelezo 5, na 3 kwa kutaja kilichoharibika na kwa nini. Darasa la watoto 90 ligawe makundi ya sita sita, kila kundi lichore jedwali moja kwenye bango, wewe upite na kuchukua daftari mbili kwa kila kundi.

Namba za kubuni hazijifichi. Wino ni mmoja mwanzo hadi mwisho, vipimo vyote vinaishia na sifuri. Na daftari ambalo bahari imechelewa dakika 50 kamili kila siku limeandikwa chini ya mwembe; mwenye nalo arudie siku tatu, na Jumamosi awe na mwenzake wa kushuhudia.