Namna ya kumtazama mwanamume anayeteleza kwenye barafu

Zima sauti kwanza. Najua muziki ndio uliokuvuta, lakini ukitaka kujua kama huyo anayeteleza ni msanii au ni mrukaji tu aliyevalishwa shati la kumetameta, mtazame mara ya kwanza kimyakimya, na mikono yake usiishughulikie. Tazama magoti.

Haya nayasema kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa naendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye kiwanja kimoja nje ya Toronto. Mashine ina kisu chini kinachokwangua utando wa juu, kisha inamwaga maji ya moto yanayoganda na kuacha uso kama kioo. Vijana wakimaliza mazoezi napanda, na kabla ya kufuta huwa nasoma walichoandika. Chuma cha kiatu cha barafu kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake pana mfereji. Kijana anayejua kukunja goti na kuegemea upande mmoja anaacha mstari mwembamba uliopinda kama mwezi mchanga. Asiyejua anajisukuma kwa meno ya mbele ya chuma, na barafu yake utadhani kuku wamepekua.

Tuna mtoto mmoja hapa wa miaka kumi na minne, hana mruko wa maana. Jumanne iliyopita aliacha mstari mmoja karibu urefu wa kiwanja, bila mkwaruzo hata mmoja. Nilikaa juu ya mashine inanguruma, nikaona haya kuufuta.

Kwenye simu huwezi kuiona mistari hiyo, ila goti unaliona. Goti linalopanda na kushuka taratibu ndilo linalompa mtu mwendo bila kuhangaika. Ukimwona anakimbiakimbia ili apate kasi, mikono mizuri haitamsaidia, maana inapamba nyumba isiyo na msingi. (Barafu yenyewe nayo ina lake. Ya hoki tunaiacha iwe ngumu na baridi zaidi. Ya hawa tunailegeza kidogo chuma kipate kushika.)

Hatua ya pili: sahau miruko, tazama kinachotokea kabla na baada yake. Mruko wa Axel ndio pekee mtu anaouruka akiwa ametazama mbele, na wengi wakiuendea huteleza kinyumenyume nusu kiwanja, mikono wameitanua, wanachungulia bega. Wakati huo muziki unaendelea peke yake. Sasa mtafute Yuzuru Hanyu, Mjapani aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 2014 na 2018, katika programu yake fupi (kila mshindani hucheza mbili, fupi na ndefu) ya Ballade ya kwanza ya Chopin, kipande cha piano. Anageuka kwa mguu mmoja na hapohapo yuko hewani, mizunguko mitatu na nusu. Akitua tu, mguu uleule unaendelea kuzunguka huku anasafiri. Rudisha nyuma mara tatu. Mruko umewekwa ndani ya wimbo kama neno ndani ya sentensi, na huoni alipovuta pumzi.

Tatu, sasa washa sauti, uchague ala moja tu. Kwa hili nakushauri programu ndefu ya Hanyu iitwayo Seimei, jina la mpiga ramli wa Japani ya kale, ya Barcelona, Desemba 2015, alipomaliza mashindano na jumla ya alama 330.43. Kitu cha kwanza kusikika humo ni pumzi, nayo ni pumzi yake mwenyewe iliyorekodiwa. Mtunzi wa mienendo alikuwa Shae-Lynn Bourne wa Kanada, lakini kwa namna ya kusimama na kuinua mkono Hanyu alimwendea Mansai Nomura, mwigizaji wa maigizo ya jadi ya Japani, ambaye aliwahi kumwigiza huyo Seimei kwenye filamu. Wewe ishike ngoma. Kila inapopigwa, angalia nani anaijibu: kichwa, bega, au mguu? Akiiwahi, ana haraka. Akichelewa, anahesabu moyoni.

Shemeji yangu nilimtumia klipu hiyo, akanijibu: "Shem, mwanamume mzima anajipindapinda hivyo?" Nikamwuliza kama amesahau kirumbizi, mchezo wa fimbo wa kwetu pwani. Watu hawaendi kutazama fimbo ikimpata mtu. Wanatazama jinsi mchezaji anavyoinyanyua na anavyoisubiri ngoma. Alikaa siku mbili, kisha akaomba nyingine.

Nne, hesabu. Hapa wengi hukimbia, na hakuna sababu. Tangu msimu wa 2022–23 upande wa usanii una mafungu matatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Zamani yalikuwa matano. Kila fungu hupewa alama hadi 10, kwa kupanda robo robo. Ya juu kabisa na ya chini kabisa kati ya majaji hutupwa, zilizobaki hutafutiwa wastani. Katika programu ndefu ya wanaume wastani huo huzidishwa kwa 3.33. Kwa hiyo mtu akiongezwa robo tu katika kila fungu, anapata karibu alama mbili na nusu. Mruko rahisi kuliko yote ya mizunguko minne una thamani ya 9.50. Linganisha mwenyewe, na ukumbuke kwamba goti halimwangushi mtu mara nyingi kama mruko. Maoni yangu ni kwamba majaji huwa wepesi kumpandishia alama za usanii yule aliyeruka vizuri, kana kwamba mruko safi umenyoosha na mikono. Ndiyo maana nakwambia utazame mwenyewe kabla ya kusoma karatasi yao.

Mtihani wa mwisho ni Jason Brown, Mmarekani. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2022 mshindi, Nathan Chen, alitua miruko mitano ya mizunguko minne katika programu ndefu. Brown hakuwa na hata mmoja, akamaliza wa sita duniani. Itafute programu yake fupi, ile ya sauti ya Nina Simone, urudie yote: kimya, magoti, katikati ya miruko, ala moja. Kwake chukua piano, ile inayokimbia bila kupumzika. Halafu simamisha picha popote, hata akiwa anatoka kwenye mzunguko, utazame vidole na shingo.

Kama bando lako halitoshi kwa zote, anza na hii ya Brown. Ni fupi, haifiki dakika tatu.