Ampu ya spika za elektrostatiki: acha kuuliza wati, uliza inashuka mpaka omu ngapi

Wakuu, wiki ya kwanza baada ya kuzipata hizi spika nilikuwa nimekaa sebuleni na watoto tunaangalia muvi, ikafika sehemu vioo vinapasuka na matoazi yanalia kwa nyuma, risiva (ile ampu ya muvi yenye chaneli nyingi) ikafanya tik, ikazima. Nikawasha, ikakaa kama dakika tatu, tik tena. Nikaweka mkono juu ya mfuniko nikautoa haraka, moto. Na risiva yenyewe haikuwa ya kichovu, boksi lake limeandikwa wati 165 kila chaneli, na kwenye spika zangu za zamani ilikuwa inapiga mpaka jirani anakuja kuuliza kuna shughuli gani. Nikajua imekufa. Kumbe haijafa, ilikuwa inajiokoa.

Spika zenyewe ni MartinLogan Electromotion ESL, mkono wa pili, zilikuja kwenye kontena la vitu vya nyumbani kutoka Uingereza. Ni ndefu nyembamba, ukisimama nyuma yake unamuona mtu wa mbele kama kwenye wavu wa dirisha. Sauti yake sitaki hata kuanza kuielezea tutakesha, mtu akiongea kwenye muvi unageuka kuangalia nani kaingia. Lakini zina tabia zake, na usipozijua utaunguza hela kwenye ampu tatu ndo upate ya nne inayofaa, kwa hiyo ngoja nieleze nilivyokuja kuelewa.

Spika ya kawaida ndani ina koili na sumaku. Hizi hazina (ukiacha ile wufa ya chini, yaani spika ya besi, maana nyingi siku hizi ni mchanganyiko, chini wufa ya kawaida juu elektrostatiki). Hapo juu kuna nailoni nyembamba kuliko unywele imetandazwa katikati ya mabati mawili yenye matundu, hiyo nailoni inapewa chaji ya maelfu ya volti, ndo maana kila spika ina waya wake wa kuchomeka ukutani, alafu sauti kutoka kwenye ampu yako inapita kwenye transfoma ndani ya spika inapandishwa volti, inaenda kwenye mabati, mabati yanaivuta na kuisukuma nailoni, unasikia muziki. Sasa kwa upande wa ampu, mabati mawili yanayotazamana na kitu katikati ni nini? Kapasita. Na fundi redio yeyote atakwambia kapasita inavyofanya: sauti ikizidi kuwa ya juu (nyembamba, siyo kubwa) ndo inazidi kuachia umeme upite, yaani omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, zinaporomoka.

Kwa hiyo ile namba ya omu iliyoandikwa nyuma ya spika ni nusu ya habari. Electromotion ESL imeandikwa omu 6, unafurahi, kumbe ikifika kilohezi 20, kule kwenye sauti nyembamba kabisa, imeshuka mpaka omu 1.6. Ndugu yake ESL 9 imeandikwa omu 4, inashuka mpaka 0.8. ESL 11A nayo imeandikwa 4 na inafika 0.6, hiyo ni karibu na kugusanisha waya. Kampuni haifichi, iko kwenye karatasi ya vipimo, ila ni mstari wa chini ambao mtu hausomi kwa sababu macho yameganda kwenye wati.

Fanya hesabu kidogo. Ampu ikitoa volti 20 kwenye spika ya omu 8, inapita ampea 2.5, kazi ndogo. Volti hizohizo 20 kwenye omu 1 ni ampea 20. Bahati nzuri muziki hauna nguvu nyingi kule juu kabisa, kwa hiyo ampu nyingi zinaponea hapo, ila matoazi, vioo, risasi, mvua kwenye bati, hivyo vyote vinaishi juu, na kwenye muvi vinakuja kwa pamoja na kwa sauti kubwa. Alafu kuna jingine baya zaidi ambalo hata wauzaji wengi hawalijui: kapasita haili umeme inaopewa, inaupokea inaurudisha. Ule unaorudi unageuka joto kwenye transista za ampu. Spika inakaa ya baridi, ampu ndo inaiva. Ndo ile tik yangu.

Sasa kwenye kuchagua. Kitu cha kwanza ni kujifunza kusoma boksi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapigwa. Risiva yangu ilikuwa na 165 kwa maandishi makubwa. Nilipoenda kusoma maandishi madogo kwenye kitabu chake nikakuta: omu 6, kilohezi 1, chaneli moja ikipiga peke yake, upotoshaji asilimia 10. Yaani wamechukua sauti moja tu ya katikati, wakazima chaneli nyingine zote, wakaiminya mpaka inakwaruza ndo wakaandika namba. Mstari wa chini yake ndo wa ukweli: chaneli mbili, omu 8, kuanzia hezi 20 mpaka kilohezi 20, wati 90. Ukiwa unalinganisha ampu linganisha mstari huo tu. Na ukiona hakuna mstari huo kabisa, rudisha boksi kwenye shelfu.

Kuna njia ya mkato naipenda, geuza kifaa nyuma uangalie kile kibati kidogo kilichoandikwa 230V na wati zinazotumika. Yangu ilikuwa imeandikwa 500. Chaneli saba mara 165 ni 1155. Itatoa wapi wati 1155 wakati ukutani inavuta 500? Namba ya nyuma siyo kilele cha mwisho, inaweza kuvuta zaidi kwa muda mfupi, ila inakuonesha transfoma ya ndani ni ya size gani. Na uzito pia. Kwa ampu za transfoma ya shaba, nyanyua. Nilishawahi kuambiwa Kariakoo "bosi hii ina wati elfu moja" nikainyanyua kwa mkono mmoja kama sahani ya pilau.

Cha pili, angalia wati zinavyopanda omu zikishuka. Ampu yenye kifua ukitoka omu 8 kwenda 4 inakaribia kudabo, na mtengenezaji anathubutu kuandika namba ya omu 2. Ampu isiyo na kifua, 4 inaongezeka kidogo au haijaandikwa kabisa. Mfano Parasound Halo A 21 inatoa 250 kwenye omu 8 na 400 kwenye omu 4, hiyo ni nzuri, na mdogo wake A 23 ni 125 na 225. Crown XLS 1502, ambazo wapiga muziki wa kwenye maharusi wanazo nyingi, ni 300 kwenye 8, 525 kwenye 4, 775 kwenye 2, na ni nyepesi kwa sababu haina transfoma kubwa ya shaba, kwa hiyo hapo kanuni ya kunyanyua haifanyi kazi. Ubaya wake kwa muvi ni feni, kwenye sehemu za kunong'ona unaweza ukaisikia, mimi ningeificha kwenye kabati lenye hewa.

Kwa mimi ampu ya wati 90 za kweli inayovumilia omu 2 bila kulia ni bora kuliko ya 200 inayokata kwenye 4. Chumba cha kawaida cha mita nne kwa tano hutumii wati nyingi kihivyo, unachokosa ni ampea.

Na kwenye risiva nyingi kuna menyu ya kuchagua omu 8 au 4, watu wanadhani ukiweka 4 inapata nguvu ya spika ngumu. Hapana. Mara nyingi inashusha volti tu ili isipate moto, yaani umeifunga kamba. Haitibu kitu.

Sasa je utupe risiva? Usitupe. Hii ndo njia iliyoniokolea hela. Kwenye mfumo wa muvi spika ngumu ni mbili tu za mbele kulia na kushoto, ya katikati na za nyuma kwa wengi wetu ni za kawaida, hazisumbui. Kwa hiyo risiva iache iendeshe hizo, ifanye na kazi yake ya HDMI na kugawa sauti, alafu za mbele zichukulie ampu ya chaneli mbili pembeni. Unachohitaji ni risiva iwe na matundu ya kutolea sauti ya mbele kabla ya ampu, yale ya RCA yaliyoandikwa PRE OUT. Angalia vizuri, risiva za bei ya chini nyingi zina tundu moja tu la sabufa, hilo siyo. Kama hazina, usihangaike na vile vikonvata vya kuchukua sauti kwenye waya za spika, badilisha risiva. Faida nyingine risiva ikishatuliwa mzigo wa mbele, hata hizo chaneli nyingine zinapumua.

Kuna mtu atakwambia tumia chaneli mbili za risiva kwa spika moja, juu peke yake chini peke yake. Nilijaribu. Transfoma ni ileile moja, ilichelewa kukata kwa dakika kumi, basi.

Ampu za vali (zile za taa) zinatoa sauti tamu kwenye hizi spika, ila nyingi zina ukinzani wao wenyewe kwenye kutolea, unaweza kufika omu 1 na zaidi. Ukiweka omu 1 ya ampu mbele ya spika iliyoshuka mpaka 0.8, zaidi ya nusu ya volti inabaki kwenye ampu, sauti za juu zinafifia kama mtu kafunika spika na kanga. Ukiwa nayo funga waya wa spika kwenye sehemu ya kutolea ya omu 4, au 2 kama ipo. Hapo naongelea hizi za kisasa lakini, maana Quad ESL ile ya kwanza ya Peter Walker ya mwaka 1957 ilikuwa inapigwa na ampu ya vali ya Quad II wati 15 tu na watu walikuwa wanalia machozi. Kwa huyo mkubwa wa zamani tatizo limegeuka, ukimpa ampu kubwa volti zinazidi, cheche inaruka ndani, inatoboa nailoni. Ukibahatika kupata hiyo ya zamani nunua ampu ndogo na usiipigishe kelele.

Zile ampu nyepesi za daraja D (class D), za zamani na za bei chee siziamini kwa kazi hii, kwa sababu zina filta kwenye kutolea na kapasita ya spika inaiharibia hesabu, sauti za juu zinapanda au zinashuka kulingana na spika. Za kisasa kama Hypex Ncore na Purifi zimetatua hilo, zinajikagua baada ya filta. Daraja A tupu nazo sawa kwa sauti, ila ni pasi. Inavuta wati 300 hata muziki ukiwa umezima, masaa matano ni uniti moja na nusu ya LUKU, na kwa joto la Dar utahitaji AC ya kuipoza wewe na yenyewe.

Waya. Sitaki biashara za waya wa milioni, chukua waya wa shaba wa fundi umeme, ila usichukue mwembamba. Mita 5 za waya wa mm 1.5 kwenda na kurudi ni kama omu 0.115, kwenye spika ya omu 8 hiyo si kitu, kwenye spika inayoshuka mpaka 0.8 inaweza kukula desibeli nzima kule juu. Mm 4 inashuka mpaka omu 0.043. Weka ampu karibu na spika, waya uwe mfupi.

Umeme. Ampu za mtumba kutoka Marekani ni volti 120, za Japani ni 100, ukichomeka kwenye 230 yetu hata hujamaliza kukaa imeshatoa moshi. Soma kibati. Kama ni lazima, nunua transfoma ya kushusha yenye angalau mara mbili ya wati za ampu. Spika nazo ziangalie vilevile, kuna zenye adapta ndogo kuna zenye kila kitu ndani, na usisahau kuhesabu soketi, spika mbili ni soketi mbili zaidi. Za pwani kuna na unyevu na vumbi, hiyo chaji inavuta vumbi kama sumaku, zikianza kufanya tikitiki zikiwa kimya chomoa usiku kucha alafu asubuhi piga vakyumu kwa nje taratibu. Mara mojamoja ni mdudu tu kaingia kwenye bati, unasikia pah, yameisha.

Siku ya kununua omba ijaribiwe na spika zako au za aina hiyo, usikubali spika za dukani. Nenda na flashi yenye taarabu ya zamani, violini nyingi na matari, hayo matari ndo mtihani. Weka sauti unayosikilizia nyumbani, kaa nusu saa, alafu mkono juu ya mfuniko. Uvuguvugu ni sawa, ukishindwa kuhesabu mpaka kumi mkono ukiwa pale iache. Sikiliza kama matari yanabaki makali au yanaanza kuchoka, na kama kuna kitaa chekundu kinapepesa. Mimi ya kwanza niliyojaribu ilikata dakika ya kumi na mbili, muuzaji akasema ni spika zangu mbovu. Ya pili imekaa mwaka wa tatu sasa.

Ukifika nayo nyumbani, rudia kupima chumba na ile maikrofoni ya risiva, maana ampu mpya ina kelele tofauti na risiva, ukiacha vipimo vya zamani za mbele zitazidi za katikati na maneno ya muvi hutayasikia. Kwenye menyu ya risiva spika za mbele ziweke "ndogo" (small), kata kwenye hezi 80, besi nzito ibebe sabufa.