Rangi mbili za ukuta za beji (kahawia hafifu sana) zinafanana kama mapacha, unachukua ipi?

Umeshika kadi mbili za rangi, kila ukiziangalia unaona beji ile ile tu. Macho yako hayana shida. Tofauti imejificha ndani, moja ina upinki kwa mbali, nyingine ina unjano au ukijani hivi, na kwenye kadi ndogo huoni kitu ila ikishajaa kuta nne ndo unashtuka.

Anza na karatasi nyeupe ya kawaida, weka kadi moja juu yake, angalia, toa, weka ya pili. Pembeni ya nyeupe ule upinki unajitokeza wenyewe. Usizilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Mi nilishawahi kuzipaka ukutani ubavu kwa ubavu nikaona moja ya pinki kabisa nikaitupa, kumbe ni ile jirani yake yenye unjano ndo ilikuwa inaifanya ionekane hivyo!

Kwa hiyo nunua kopo dogo la kila moja, paka mikono miwili, yaani mara mbili, kwenye manila nyeupe kubwa kubwa, acha ukingo mweupe pembeni ili rangi ya zamani ya ukuta isikudanganye, na subiri ikauke kabisa maana rangi za maji zikikauka mara nyingi zinakolea kidogo. Af ihamishe hiyo manila, leo karibu na dirisha kesho kwenye kona yenye giza, iweke nyuma ya kochi, iegemeze sakafuni kwenye tailizi, kwa sababu kochi na tailizi hubadilishi ila rangi unaweza.

Usiku ndo mtihani wenyewe. Soma boksi la balbu, tafuta namba yenye K (kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), ikiwa 2700K mwanga ni wa njano na beji yenye unjano itazidi kuwa kama siagi, ikiwa 6500K mwanga ni mweupe wa kuelekea bluu na ule ujoto ulioupenda unapoa. Kama unakaa sebuleni zaidi usiku basi chagua kwa mwanga huo, sio wa saa sita mchana.

Bado zimekushinda? Kadi nyingi zina namba ya LRV, yaani kiasi cha mwanga ambao rangi inaurudisha, 0 nyeusi 100 nyeupe, chumba chenye giza chukua yenye namba kubwa. Ukishaamua nunua makopo yote siku moja yenye batchi namba inayofanana (namba ya mkupuo yalimotengenezwa), na hata hivyo yachanganye kwenye ndoo moja kabla ya kushika rola.