Somo: Kusimamia michakato ya biashara kwa nadharia ya uchangamano

Mhasibu akichelewesha hati, muuzaji hutafuta njia ya mkato. Njia hiyo huzaa makosa, mhasibu huongeza ukaguzi, na hati huzidi kuchelewa. Nadharia ya uchangamano, yaani uchunguzi wa mifumo ambayo sehemu zake huathiriana, huanzia kwenye mizunguko kama hiyo, ambayo mchoro wa mchakato hauionyeshi.

Hatua ya 1. Fuatilia oda moja halisi hadi malipo: ilipita kwa nani, ilisubiri wapi, ilirudishwa mara ngapi. Kitabu cha taratibu kiweke kando kwanza.

Hatua ya 2. Tenganisha aina za kazi. Mfumo wa Cynefin, unaogawa kazi kulingana na jinsi matokeo yake yanavyotabirika, ulioanzishwa na Dave Snowden mwaka 1999 akiwa kampuni ya IBM, unasaidia sana hapa. Kutoa ankara kunatabirika, kwa hiyo kuwekee kanuni. Hitilafu ya kiufundi humhitaji mtaalamu aichambue. Lakini mwitikio wa wateja kwa huduma mpya hueleweka baada ya kutokea. Hapo jaribu, angalia, ndipo uamue.

Hatua ya 3. Acha nafasi kwenye muda wa kila mtu. Hatua hii ndiyo hupuuzwa kuliko zote, na kuipuuza ndiko kwenye hasara kubwa. Katika mfano rahisi wa hesabu za foleni, mhudumu mmoja akishughulika asilimia 80 ya muda wake, kazi husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuihudumia. Akifika asilimia 90, ni mara 9. Asilimia 95, mara 19. Kumjazia mtu kazi hadi ukingoni ni kununua ucheleweshaji.

Hatua ya 4. Badilisha kidogo kidogo, na kabla ya kuanza kubalianeni ni dalili gani itawafanya msimamishe badiliko hilo.

Maswali ya wanachama

*Tukiacha nafasi, bosi ataona watu wanakaa bure. Nimwambieje?*
Tumia kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961. Kazi 60 zikiwa mkononi na 10 zikikamilika kila siku, kila moja huchukua wastani wa siku 6. Zikiwa 30 kwa kasi ileile, siku 3. Mpigie hesabu hiyo kwa takwimu zenu wenyewe.

*Tuna programu inayoendesha mchakato wote. Haitoshi?*
Kwa kazi zinazotabirika, inatosha. Ikilazimisha kila kesi ipite njia moja, watu watamalizana kwa simu na kumbukumbu zitapotea. Weka njia rasmi ya kesi zisizo za kawaida, na uzipitie kila mwezi.

*Naweza kufanya majaribio matatu kwa pamoja?*
Ndiyo, kama yako kwenye idara zisizotegemeana. La sivyo hutajua ni lipi lililoleta badiliko.